Usaliti wa mwenza: kwa nini jeraha lake huchukua muda mrefu kupona

Mtu anapogundua kwamba mwenza wake amekuwa na uhusiano wa siri na mtu mwingine, waliomzunguka humkimbilia na maswali mawili: utaondoka au utabaki, na je, utaweza kusamehe? Yote mawili ni maswali halali, lakini huja mapema mno, kwa sababu yanamtaka atoe uamuzi juu ya uhusiano ambao kwa wakati huo yeye mwenyewe hajui ulikuwa nini. Alilala akiamini kwamba anayajua maisha yake, akaamka na kukuta kwamba sehemu kubwa ya maisha hayo iliendeshwa nyuma ya mgongo wake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha jeraha. Mapenzi yameumia, hilo halina ubishi, lakini kilichoumia zaidi ni uwezo wa mtu kuamini kile anachokijua, na kupona kunakoruka hatua hiyo kwa kawaida hakudumu.

Katika siku za mwanzo mwili hutangulia akili. Ugunduzi wa ghafla huamsha mfumo uleule wa tahadhari unaoamshwa na hatari ya kimwili: homoni za adrenalini na kortisoli humwagika katika damu, moyo hudunda kwa kasi, tumbo hukataa chakula, na usingizi hukatika kila baada ya muda mfupi. Kisha huja mambo yanayomtisha mhusika kwa sababu hajawahi kuyaona kwake. Picha za mwenza wake akiwa na yule mtu humjia bila kuitwa, iwe yuko kazini, anaoga, au yumo katikati ya mazungumzo ya jambo jingine kabisa. Mlio wa ujumbe kwenye simu humshtua. Hukagua, huhesabu saa, hulinganisha tarehe. Siku hiyohiyo anaweza kufa ganzi asihisi chochote, baadaye akalia hadi sauti ikakauka, na usiku akamtamani yuleyule aliyemuumiza, kisha asubuhi akajichukia kwa kumtamani. Wengi hudhani kwamba wanarukwa na akili.

Hawarukwi na akili. Hali hiyo inafanana sana na dalili za ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ambao Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza rasmi katika mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 1980. Hata hivyo, toleo la mwaka 2013 la mwongozo huo linataka tukio lililosababisha dalili liwe limehusisha kifo au tishio la kifo, jeraha kubwa la mwili, au ukatili wa kingono, na kwa kipimo hicho usaliti wa kimapenzi peke yake haumo. Ubishi wa kitaalamu juu ya jambo hilo haujaisha, na matokeo ya utafiti yanauchochea. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mdogo uliofanywa nchini Marekani miongoni mwa vijana 73 wasio na ndoa waliowahi kusalitiwa na wapenzi wao, na asilimia 45.2 kati yao walionyesha dalili za kiwango kinachoashiria ugonjwa huo. Mapema zaidi, mwaka 2000, wanasaikolojia Annmarie Cano na Daniel O'Leary walikuwa wamewalinganisha wanawake waliopatwa na tukio la fedheha katika ndoa, usaliti wa mume ukiwa mojawapo, na wanawake wenye migogoro mikubwa ya ndoa lakini wasiopatwa na tukio kama hilo. Kundi la kwanza lilikuwa na uwezekano mara 6 zaidi wa kupata sonona. Ulinganisho huo una uzito kwa sababu unaonyesha kwamba kinachoangusha mtu hapa kinazidi ugomvi wa kawaida wa nyumbani, hata ule ulio mkali.

Sababu mojawapo ni kwamba anayeumiza ndiye aliyekuwa kimbilio. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza ambaye juzuu ya kwanza ya kazi yake kuhusu mafungamano ilitoka mwaka 1969, alieleza namna mtoto anavyomtegemea mlezi kama mahali salama pa kurudi anapoogopa, na watafiti waliomfuata walionyesha kwamba watu wazima hufungamana na wenza wao kwa namna inayokaribiana na hiyo. Aliyesalitiwa anapata pigo na papo hapo anapoteza mtu ambaye angemkimbilia amweleze habari za pigo hilo. Ndiyo maana hamu ya kukumbatiwa na msaliti, ambayo huwashangaza marafiki na kumwaibisha mhusika, si udhaifu wa tabia. Ni mfungamano unaoendelea kufanya kazi yake ya miaka yote.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia Jennifer Freyd aliijengea hali kama hiyo nadharia, aliyoiita nadharia ya kiwewe cha usaliti. Alianzia kwa watoto wanaodhuriwa na walezi wao. Mtoto anayeutambua usaliti angelazimika kujitenga na mtu anayemlisha na kumlinda, kwa hiyo akili yake hujifunza kutoona, kwa kuwa kutoona ndiko kunakomwezesha kuendelea kuishi. Nadharia hiyo imepanuliwa hadi kwenye mahusiano ya watu wazima, nayo husaidia kujibu swali linalowatesa wengi: niliwezaje kutojua? Dalili zilikuwepo, pengine kwa miezi mingi, lakini kuziona kungebomoa nyumba, malezi ya watoto na mipango yote ya kesho, na akili ikachagua amani. Kutoona huko hakuna uhusiano na ujinga.

Jana iliyochukuliwa

Mtu anayefiwa hupoteza kesho aliyoitarajia, lakini jana yake hubaki salama, na hata kumbukumbu zinazomliza ni zake. Aliyesalitiwa hupokonywa jana pia. Safari ile ya kikazi, siku ile aliyougua akahudumiwa kwa upole usio wa kawaida, picha ile ya familia ambayo kila mtu anatabasamu: kila kimoja sasa kinarudi mezani kuulizwa upya. Alipokuwa akitabasamu pale, alikuwa na nani moyoni? Upole ule ulikuwa upendo au dhamira iliyokuwa ikimsuta? Hata mambo ambayo hayakuguswa na uongo huingiwa na shaka, kwa kuwa hakuna tena njia rahisi ya kutenganisha kilichokuwa kweli na kilichokuwa maigizo.

Hali huwa mbaya zaidi pale usaliti ulipofunikwa kwa kumgeuzia mtu kibao. Alipouliza aliambiwa ana wivu. Alipoonyesha mashaka aliambiwa apumzishe akili, kwamba anaona mambo yasiyokuwepo, kwamba anafanana na mama yake. Kisha ikabainika kwamba alichokiona kilikuwepo. Aliyepitia hayo ametiliwa shaka macho yake, masikio yake na hisia yake ya ndani, tena na mtu aliyejua fika kwamba vyote vinasema kweli. Naamini sehemu hii ya madhara huchukua muda mrefu zaidi kupona kuliko wivu wenyewe, na haiishi kwa kumwona yule mtu wa pembeni akiondoka, maana yule hakuwa chanzo chake. Mwanasaikolojia Ronnie Janoff-Bulman aliandika mwaka 1992 kwamba kiwewe huvunja imani za msingi ambazo watu huishi nazo bila kuzitaja: kwamba dunia ni mahali pema kwa kiasi fulani, kwamba mambo yana mpangilio, na kwamba mimi mwenyewe nina thamani. Usaliti hugusa zote tatu, na ile ya thamani ndiyo hutikisika kwanza, kwani mtu hujipima papo hapo na yule mwingine: umri wake, umbo lake, ucheshi wake, kazi yake.

Tukilielewa hilo, tabia inayowachosha sana wasaliti waliotubu inaacha kuwa kitendawili. Kwa nini anauliza maswali yaleyale kila usiku, ilhali alishajibiwa? Anauliza kwa sababu anaijenga upya historia yake, na anakagua kama majibu ya leo yanalingana na ya juzi. Kila jibu linalolingana ni tofali moja mahali pake. Jibu linalopingana linaangusha ukuta mzima.

Ukweli unaotolewa kwa matone ndio hatari kubwa katika kipindi hiki. Msaliti hukiri kile tu kilichokwisha kugunduliwa, huapa kwamba hakuna zaidi, kisha baada ya wiki kadhaa ujumbe mwingine unapatikana naye anakiri nusu nyingine. Mara nyingi hufanya hivyo kwa hofu, na wakati mwingine kwa kudhani anamhurumia mwenzake, lakini matokeo yake ni kidonda kinachobanduliwa gamba kila kinapoanza kukauka. Kila ugunduzi mpya huirudisha saa kwenye siku ya kwanza, tena safari hii viapo vimekwisha kupoteza thamani.

Kuna utafiti mmoja unaogusa jambo hili moja kwa moja. Watafiti Rebeca Marín, Andrew Christensen na David Atkins walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 5 wanandoa waliokuwa wamepata tiba ya pamoja kwa ajili ya matatizo makubwa ya ndoa. Kati ya jozi 134, jozi 19 zilikuwa na usaliti. Pale usaliti ulipowekwa wazi, asilimia 43 walikuwa wametalikiana baada ya miaka 5. Pale uliposalia siri wakati wa tiba, asilimia 80. Na pale ambapo haukuwepo kabisa, asilimia 23. Jozi 19 ni chache, na asilimia zinazotokana nazo hazifai kubebwa kama sheria ya maumbile. Hata hivyo kuna jambo la kutazamwa hapo: jozi zilizofichua usaliti na kubaki pamoja hazikutofautiana na jozi nyingine zilizobaki pamoja katika kiwango cha kuridhika na ndoa yao.

Kusema ukweli wote hakumaanishi kusimulia kila kitu. Maswali ya lini, nani, kwa muda gani, wapi, fedha kiasi gani zilitumika, nani mwingine alijua, na kama kulikuwa na kinga, yanajenga historia na yanalinda afya, hivyo yanastahili majibu kamili. Maswali ya mambo ya kitandani kwa undani wake huwa na kazi nyingine. Huipa akili picha mpya za kuchezea usiku, na picha hizo hazifutiki kwa sababu mwenye kuziomba amejuta. Wanasihi wengi humshauri aliyesalitiwa aliandike swali la namna hiyo na kuliweka kando kwa siku chache kabla ya kuliuliza, kisha aangalie kama bado analihitaji.

Wiki za mwanzo

Kuhusu wiki za mwanzo maneno machache yanatosha. Uamuzi mkubwa unaoweza kungoja, na ungoje, isipokuwa pale penye kipigo au vitisho, ambapo usalama hutangulia kila kitu na kuondoka hakuhitaji kujadiliwa. Vipimo vya magonjwa ya zinaa vifanywe hata kama msaliti anaapa kwamba hakukuwa na hatari, kwa sababu kiapo chake ndicho hasa kinachotiliwa shaka; na kwa kuwa baadhi ya maambukizi, likiwemo la virusi vya UKIMWI, huchukua muda kabla ya kuonekana kwenye vipimo, mhudumu wa afya ndiye atakayesema lini virudiwe. Wa kuambiwa wawe wachache na wawe wasiri, maana ndugu aliyeambiwa kila kitu kwenye joto la hasira anaweza kuendelea kubeba chuki hata baada ya wenyewe kupatana. Watoto wasifanywe majaji wala wajumbe. Mtu anayepata mawazo ya kutotaka kuishi asibaki peke yake nayo. Hayo ni ya kufikishwa kwa daktari au kwa mtu wa karibu siku hiyohiyo, kama ambavyo angefanya kwa maumivu makali ya kifua.

Baada ya mtikisiko huo huja swali la kwa nini, na hapa wengi hupotea kwa kuchanganya mambo mawili. Hali ya uhusiano ni mzigo wa wote wawili. Uamuzi wa kusaliti ni wa aliyesaliti peke yake, kwa kuwa mwenzake alikuwa akiishi ndani ya uhusiano uleule, wenye upweke uleule, na hakuuchukua. Isitoshe, dhana kwamba kila usaliti huzaliwa na ndoa mbovu haikubaliani na ushahidi. Mwaka 1985 watafiti Shirley Glass na Thomas Wright waliripoti kwamba, miongoni mwa waliokiri kuwa na mahusiano ya kimwili nje ya ndoa, asilimia 56 ya wanaume na asilimia 34 ya wanawake walisema ndoa zao zilikuwa zenye furaha. Wengine husaliti kwa kulegeza mipaka kidogo kidogo, wakianza na mazungumzo ya siri wanayojiambia kwamba hayana neno. Wengine kwa kiu ya kusifiwa, kwa mazoea ya kupata watakacho, au kwa kuogopa kusema waziwazi kwamba hawana raha. Aliyesalitiwa anayejituma kupunguza uzito, kupika zaidi au kunyamaza zaidi ili jambo lisijirudie anajaribu kurekebisha kitu ambacho pengine hakikuwa chanzo. Namwelewa, kwa sababu kosa lingekuwa lake angekuwa pia na uwezo wa kulizuia lisirudi. Ni faraja yenye gharama kubwa.

Kristina Gordon, Donald Baucom na Douglas Snyder, ambao wametengeneza tiba mahususi kwa wanandoa waliopitia usaliti na kuchapisha majaribio yake ya awali mwaka 2004 kwa jozi 6, huyapanga mapito haya katika awamu tatu: kukabiliana na mshtuko, kutafuta maana ya kilichotokea, na kisha kusonga mbele, iwe pamoja au kila mtu na njia yake. Ninachokipenda katika mpangilio wao ni kwamba uamuzi wa kubaki au kuondoka unakaa mwishoni, na msamaha haudaiwi mlangoni. Maisha, bila shaka, hayafuati awamu kwa utii. Mtu aliyekuwa ametulia kwa miezi mingi anaweza kurudishwa kwenye kilio na wimbo mmoja, harufu ya manukato au tarehe fulani kwenye kalenda, na hilo halifuti hatua alizokwisha kupiga.

Msamaha, upatanisho na uaminifu

Haraka ya kutaka watu wasamehe imewaumiza wengi, hasa pale inapovalishwa joho la dini au la heshima ya familia. Msamaha, upatanisho na uaminifu huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali mtu anaweza kuwa na kimoja bila vingine. Anaweza kumsamehe mtu ambaye hataishi naye tena. Anaweza kuendelea kuishi na mtu, kwa ajili ya watoto au kwa sababu za kiuchumi, bila kuwa amemsamehe. Anaweza kusamehe, akapatana naye, na bado kwa muda mrefu asiliamini neno lake kuhusu alikokuwa jana jioni.

Everett Worthington, mwanasaikolojia aliyeutafiti msamaha kwa miongo kadhaa na ambaye mama yake mzazi aliuawa na mvamizi nyumbani kwake, hutofautisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Wa kwanza ni azimio la kutolipiza kisasi na la kumtendea mkosaji kama binadamu, nao unaweza kufanyika kwa siku moja. Wa pili ni kubadilika kwa moyo wenyewe, uchungu ukipungua na nafasi yake kuchukuliwa na kitu laini zaidi, na huo hauamriwi. Aliyesema nimekusamehe mwezi wa kwanza na akawaka hasira mwezi wa saba hakudanganya. Azimio lake lilikuwa la kweli, ila hisia zilikuwa bado njiani.

Uaminifu, kwa upande wake, huhitaji ushahidi, na ushahidi huhitaji muda. Hujengwa na matendo madogo yanayoweza kuthibitishwa: mawasiliano na yule mtu yamekatwa kwa namna inayoonekana, muda wa kurudi unaotajwa ndio unaozingatiwa, habari mbaya husemwa kabla hazijagunduliwa, na swali la mara ya ishirini hujibiwa bila kufoka. Msaliti anayesema yameisha, tusonge mbele, anaomba mkopo mpya kabla hajalipa wa zamani. Kuachiana simu wazi kunaweza kusaidia mwanzoni, lakini upekuzi usio na kikomo hugeuka kazi ya kulinda mfungwa, na mlinzi naye hatoki gerezani. Ikiwa baada ya muda mrefu utulivu wa mtu bado unategemea alichokikuta kwenye simu ya mwenzake usiku huo, kuna jambo ambalo halijasemwa au halijaaminika.

Kwa wale wanaoondoka, kosa la kawaida ni kudhani kwamba jeraha linabaki na aliyeachwa. Wanabeba picha zilezile na maswali yaleyale, mara nyingi bila mtu wa kuyajibu, na hulazimika kuifunga historia yenye kurasa ambazo hawatazisoma kamwe. Kuandika huwasaidia baadhi yao. Watafiti James Pennebaker na Sandra Beall walionyesha mwaka 1986 kwamba wanafunzi walioandika kuhusu matukio yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku kwa siku 4 mfululizo, walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Siku za uandishi wenyewe, hata hivyo, hali zao zilikuwa nzito zaidi, na mtu ambaye bado hawezi kula wala kulala angefanya vema kuanza na mnasihi au mwanasaikolojia kabla ya daftari.

Uhusiano mpya nao huja na mtihani wake. Mwenza mpya akichelewa nusu saa, mwili hupiga kengele ya zamani, na mtu hajui kama anasikia onyo la leo au mwangwi wa miaka iliyopita. Kuzima kengele hiyo kwa nguvu ni kurudia kosa la kutoziamini hisia zake mwenyewe, na kuitii kila inapolia ni kumhukumu mtu kwa dhambi ya mwingine. Kinachobaki ni kuuliza swali la kawaida kwa sauti ya kawaida, kisha kutazama jinsi linavyopokelewa. Mtu asiye na la kuficha anaweza kuudhika, lakini hujibu, na haanzi kumwambia mwenzake kwamba macho yake yanamdanganya.